Okapi ya babu na hewa ya chumvi

Ukirithi Okapi, kisu cha kukunja, tazama bapa kwanza: iliyogongwa jina la Solingen, Ujerumani, ni ya kabla uzalishaji haujahamia Afrika Kusini mwaka 1988. Chuma chake hushika kutu upesi, na upepo wa bahari hapa Tanga hauna huruma. Kutu nyekundu isugue kwa sufu ya chuma na mafuta ya taa. Rangi ya kijivu iache, wanaoing'arisha wanaharibu.

Kikikaza kukunjuka, dondoshea mafuta ya taa kwenye ribiti (pini inayoshika bapa na mpini), kunja na kukunjua, futa, kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani. Ya nazi hapana, huganda. Mpini wa mbao usiuloweke, utavimba upasuke.

Noa kwa jiwe lenye maji, bapa limeinama nyuzi 20 hivi. Mashine ya mtaani hukipasha moto. Bapa likigeuka buluu, makali hayakai tena.