Nilivyofanya nchi mbili zikubaliane kuhusu jinsia yangu

Hakuna mkataba wa dunia nzima unaoilazimisha nchi moja kukubali mabadiliko ya jinsia yaliyosajiliwa kwingine. Kazi ni ya kuunganisha karatasi, na iliyonibebea uzito wote ni amri ya mahakama, kwa sababu ndiyo pekee yenye jina la zamani na jipya, jinsia ya awali na ya sasa. Cheti kipya cha kuzaliwa hakikutosha. Huandikwa hivyo makusudi, kisifichue kilichotangulia, na kwa faragha yetu ni jambo jema sana. Ila karani wa ng'ambo akikilinganisha na faili la zamani, anaona watu wawili.

Mpangilio niliofuata: nakala ya amri iliyothibitishwa na mahakama, kisha apostili (cheti cha kuthibitisha hati ili itumike nchi nyingine), mwisho tafsiri ya mfasiri aliyeapishwa. Ukianza na tafsiri, apostili yenyewe inabaki bila kutafsiriwa na jalada laweza kurudishwa. Apostili, chini ya Mkataba wa The Hague wa 1961, huthibitisha saini, cheo cha aliyesaini na muhuri, basi. Haimlazimishi mtu kukubali yaliyomo, na hapo ndipo wengi hukwama. Kwa nchi isiyo kwenye mkataba huo, karatasi hupitia wizara ya mambo ya nje, halafu ubalozi.

Tafsiri niliisoma herufi kwa herufi, kidole kwenye mstari. Jina la zamani likipungua herufi moja, mnyororo umekatika.

Nikikataliwa, nadai sababu kwa maandishi, maana bila hiyo hakuna cha kukatia rufaa. Ndani ya Umoja wa Ulaya kuna silaha nzito: tarehe 4 Oktoba 2024, katika kesi C-4/23, Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua kwamba Romania haikuwa na haki ya kukataa kuandika kwenye cheti cha kuzaliwa cha raia wake jina na jinsia alivyobadili kihalali Uingereza, enzi ilipokuwa bado inafuata sheria za Umoja.

Pasipoti nayo ina lake. Kanuni za kimataifa zinaruhusu M, F au X, lakini palipo na X, mistari ya chini inayosomwa na mashine huonyesha alama <. Kwa hiyo fomu ya viza yenye nafasi mbili tu huleta mgongano. Uliza ubalozi kabla ya kulipa. Tiketi ikatwe kwa jina lililo kwenye pasipoti utakayosafiria, hata kama viza ya zamani bado hai.