Kizito cha uzi

Sweta la sufu likilowa mvua hutoa harufu ya zizi. Juzi nimeanika la binti yangu karibu na hita, harufu ikajaa sebule nzima, nikamkumbuka baba mkwe amepiga magoti kwenye tope la Lincolnshire, Uingereza, ananiita nije nichimbe mwenyewe.

Mavuno yalikuwa yamepita na shamba limeshalimwa. Ruhusa ya mwenye shamba tulikuwa nayo. Mashine ya kutafutia vyuma ilishinda ikililia misumari na vizibo vya chupa. Nikachimba kama shubiri moja, kikatoka kipande cha duara, kijivu kilichopauka, kizito kuliko umbo lake. Nikakisugua kwa kidole gumba. Mistari niliihisi kabla sijaiona: imeinuka, inatoka kwenye tundu la katikati hadi ukingoni, na kila nafasi ina kidoto kimoja. Tundu lilijaa udongo mgumu, nikalizibua kwa bua la ngano.

Baba mkwe alikijua papo hapo: kizito cha kusokotea uzi, cha madini ya risasi, cha Zama za Kati. Kijiti hupitishwa tunduni, sufu ikashikizwa juu, kisha kinazungushwa na kuachiwa kining'inie. Ule uzito ndio unaokifanya kiendelee kuzunguka na uzi ujisokote. Wanawake walisokota huku wakitembea au wakichunga. Risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 tu, moto wa jikoni unatosha, na michoro ilichongwa ndani ya kalibu.

Mimi ni mtu wa Kilwa. Kule Kisiwani wachimbaji wa mambo ya kale waliokota vizito vya kazi hiyohiyo, ila vya vigae vya vyungu vilivyovunjika, vimechongwa duara na kutobolewa, kwa ajili ya pamba. Pale topeni niliwawaza wote wawili, msokota pamba na msokota sufu, nikashindwa kuinuka.

Kiliandikishwa kwa ofisa wa Portable Antiquities Scheme, mpango wa kuorodhesha vitu vya kale vinavyookotwa na raia, kikarudi kwa mwenye shamba. Lakini kabla ya hapo nilikipitishia penseli niliyoiviringishia karatasi, nikakizungusha mezani. Mistari yote ikapotea.

Baba mkwe anasema michoro ilikuwa alama, kila mtu akitambue chake. Labda. Ila alama moja ingetosha, na huyu aliyekitengeneza alijaza vidoto duara zima, kwenye kitu ambacho kikiwa kazini pambo lake halionekani. Mimi nasema alitaka kiwe kizuri, basi. Tunabishana hadi leo, na hajakubali.