Akamweleza Kweli Yote

Wapendwa katika Bwana, juma hili nimekaa na Marko 5:25–34, habari ya mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Kwa sheria ya Walawi 15, hata aliyegusa kitanda chake alihesabiwa najisi hadi jioni. Si ajabu alimjia Yesu kwa nyuma, akagusa vazi lake.

Kinachonishika ni kwamba alikuwa amekwisha kupona. Angeweza kwenda zake. Yesu ndiye aliyesimama katikati ya msongamano, Yairo, mkuu wa sinagogi aliyekuwa akimpeleka nyumbani kwake, akihangaika kwa binti yake aliye mahututi, akangoja mpaka mama yule akaeleza kweli yote mbele ya watu. Ndipo akamwita Binti.

Katika kikundi chetu cha maombi, dada mmoja alituambia anatumia heroini. Alisema taratibu, mikono ya sweta ameivuta hadi vidoleni. Nami, nakiri kwa majuto, niliuokota mkoba wangu sakafuni nikaupakata. Aliniona. Akaendelea tu: alivyoanzishwa na mumewe, alivyoficha mimba asiende kliniki akiogopa kunyang'anywa mtoto, asubuhi za arosto, yaani mateso ya kukosa heroini, mwili wote unauma na mtoto analia. Sasa anakunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ila kuna siku anarudi nyuma. Tangu siku ile neno "teja" halinitoki tena kinywani.

Mwanamume akitumia, tunasema ameteleza. Mwanamke akitumia, tunauliza ni mama wa namna gani. Aibu hiyo ndiyo inayomficha hata akiwa mjamzito, wakati kuacha heroini ghafla bila daktari kunaweza kumdhuru yeye na aliye tumboni. Na methadoni ni dawa. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Anayeinywa hajapungukiwa imani.

Tumezoea shuhuda zilizokwisha: nilikuwa hivi, sasa siko. Ushuhuda wa dada yetu haujaisha. Tena ni wake, tusiuzungushe nyumba kwa nyumba kwa kisingizio cha "tumwombee." Yesu alimwita yule mama aseme akiwa tayari kusimama upande wake. Kama sisi hatuko tayari, tusimwombe mtu afungue kinywa.

Dada yetu ameomba aendelee pale alipoishia tutakapokutana. Ajenda nyingine zitangoja, kama Yairo alivyongoja.