Nilivyouelewa ugonjwa wa mama: saratani iliyotokana na vumbi la asbesto

Kwa miezi mitatu niliwaambia watu kwamba mama ana maji kwenye mapafu, na nilikuwa nimekosea. Maji yalikuwapo, tena mengi, lakini hayakuwa ndani ya mapafu. Daktari wa kwanza alishuku kifua kikuu, vipimo havikukionyesha, maji yakatolewa kwa sindano na baada ya wiki mbili yakarudi. Daktari wa pili ndiye aliyenikalisha chini. Alichukua glavu mpya, akaipuliza kidogo, akaifunga mdomo, kisha akaididimiza ngumi yake humo mpaka raba ikamzunguka mkono kwa tabaka mbili. "Ngumi ni pafu," akasema, "na tabaka hizi mbili ni utando unaolifunika. Maji ya mama yako hapa katikati, na ugonjwa umeanzia kwenye utando, si kwenye pafu."

Ndipo nilipolisikia kwa mara ya kwanza jina mesotelioma, yaani saratani ya utando huo. Ndugu waliendelea kuiita saratani ya mapafu na kuniuliza kwa kunong'ona kama mama aliwahi kuvuta sigara, swali lililomuumiza zaidi ya sindano. Sigara haisababishi mesotelioma. Ni katika saratani ya mapafu yenyewe ndipo sigara na asbesto, madini yenye nyuzi yaliyotumika kuzuia joto, huzidishiana madhara.

Maji yaliyotolewa hayakutosha kuthibitisha ugonjwa, kwa kuwa seli zake hufanana mno na seli za utando uliovimba kwa sababu nyingine. Ilibidi kamera nyembamba ipitishwe katikati ya mbavu na vipande vya utando vikatwe, vikapimwe maabara kwa rangi maalumu. Jibu lilitaja aina ya epithelioidi, ambayo kwa kawaida huenda polepole kuliko ile ya sarkomatoidi; ipo pia aina inayochanganya zote mbili.

Kilichonishinda kabisa kukielewa ni chanzo, kwa sababu mama hakuwahi kufanya kazi kiwandani. "Mama, marehemu mzee alikuwa akifanya kazi gani?" daktari akamuuliza. Baba alikuwa akivisha mabomba ya mvuke kwa malighafi ya asbesto ya kuzuia joto. "Na ovaroli zake nani alikuwa akizifua?" Mama akajibu kwamba ni yeye, na kwamba alizikung'uta kwanza nje, maana vumbi lile likiingia kwenye beseni maji yanakuwa kama uji. Alilieleza hilo kwa fahari ya mtu anayejua kufua. Daktari alinyamaza kidogo kabla ya kuandika.

Nyuzi za asbesto ni nyembamba mno kuonekana kwa macho. Zikivutwa na pumzi, mwili hushindwa kuziyeyusha, na zile zinazofika kwenye utando huukera na kuuvimbisha mwaka hadi mwaka. Kwa kawaida saratani hujitokeza baada ya miaka 20 hadi 50. Baba aliiacha kazi hiyo miaka 38 iliyopita. Nilimsomea mama habari za mwaka 1960, wakati mtafiti Wagner na wenzake walipoeleza wagonjwa 33 wa Afrika Kusini, wengi wao wakihusishwa na eneo la migodi ya asbesto ya buluu huko Cape, na baadhi yao hawakuwahi kuchimba bali waliishi tu karibu na migodi hiyo. Kusikia kwamba si yeye peke yake kulimtuliza kuliko maneno yangu yote.

Kuhusu tiba, nilijifunza kuuliza kila kitu ni cha nini. Kabla ya dawa za kemotherapi, pemetreksedi na sisplatini, alipewa vidonge vya asidi ya foliki na sindano ya vitamini B12, na mimi, nikidhani ni vya kuongeza nguvu tu, nilitaka kuviahirisha. Kumbe kazi yake ni kupunguza sumu ya pemetreksedi mwilini. Ili maji yasirudi, walimnyunyizia unga wa talki kati ya zile tabaka mbili ili zishikamane. "Vumbi tena?" mama akauliza, na hata daktari akacheka. Zipo pia dawa mbili za kuamsha kinga ya mwili, nivolumabu na ipilimumabu, zilizoidhinishwa pamoja kwa ugonjwa huu nchini Marekani mwaka 2020. Katika utafiti wake, nusu ya waliozipata waliishi zaidi ya miezi 18, na kwa waliopewa kemotherapi kipimo hicho kilikuwa miezi 14. Nilihitaji muda kuelewa kwamba tarakimu hizo zinaonyesha katikati ya kundi, si tarehe aliyopangiwa mama.

Mwishoni daktari aliuliza ni nani mwingine aliyekuwamo nyumbani miaka ile. Mama alinitazama. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea zile ovaroli, nimezikumbatia kifuani, kutoka mlangoni hadi kwenye beseni. Sasa faili langu lina mstari unaosema hivyo, na kila ninapomwona daktari kwa kikohozi au kwa pumzi kubana, huanza kwa kumwonyesha mstari huo.