Seli moja kwanza, mtandao baadaye

Niliingia kwenye shahada ya uzamivu ya sayansi ya neva kwa njia ya kompyuta nikitokea hisabati. Utafiti wangu ni wa mitandao ya seli za neva, ila mtandao wenye seli mbovu hauchunguziki, kwa hiyo nilianza na seli moja: modeli ya wanasayansi Hodgkin na Huxley ya mwaka 1952, yaani milinganyo inayoeleza jinsi seli ya neva inavyotoa mpigo wa umeme, iliyotokana na aksoni (uzi unaosafirisha ishara za seli) nene ya ngisi. Majibu yake yanajulikana, na kosa halina pa kujificha.

Milinganyo ni minne: mmoja wa volti ya utando, mitatu ya milango ya kupitisha chembe za umeme: m na h ya sodiamu, n ya potasiamu. Kwa kila sentimita mraba niliweka kapasitansi mikrofaradi 1, na upeo wa upitishaji milisimensi 120 kwa sodiamu, 36 kwa potasiamu na 0.3 kwa uvujaji. Volti za usawa, yaani zile ambapo mkondo wa kila mojawapo huwa sifuri, ni +50, −77 na −54.4 mV kwa mpangilio huohuo. Seli huanzia −65 mV, m ikiwa 0.05, h 0.6 na n 0.32.

Hatari ya kwanza ni makala ya asili yenyewe. Ilipima volti kuanzia hali ya utulivu, tena kwa ishara iliyogeuzwa, hivyo volti ya usawa ya sodiamu inasomeka −115. Ukichota milinganyo huko na namba kwenye vitabu vya sasa, hutapata kitu.

Ya pili hujificha zaidi. Kasi ya kufunguka kwa m inakuwa sifuri juu ya sifuri volti ikifika −40 kamili, na ya n ikifika −55. Hapo niliandika thamani za kikomo, 1 na 0.1, la sivyo programu hutema namba batili.

Kisha hatua ya muda. Kwa mbinu ya Euler, inayosogeza milinganyo mbele hatua ndogo kwa hatua, natumia ms 0.01. Hatua ya 0.1 huvuruga kila kitu kwenye kilele cha mpigo: upitishaji hupanda kupita milisimensi 30, na volti hujirekebisha ndani ya takriban ms 0.03.

Majaribio yangu ni mawili. Bila mkondo, seli itulie karibu na −65. Kwa mkondo usiokatika wa mikroampia 10 kwa sentimita mraba, ipige mfululizo, mpigo mmoja kila takriban ms 15. Namba hizo ni za nyuzi 6.3 za Selsiasi. Kila nyuzi 10 zinapoongezeka, zidisha kasi zote za milango kwa 3.