Majani ya manila: kadi zangu za Oktoba

Wengi wenu mmeniuliza natumia karatasi gani kwenye zile kadi za majani. Ni manila, ile ile tuliyokuwa tukichorea chati shuleni, ila naichagua nzito kidogo, ya gramu 200 hivi kwa mita ya mraba. Ikiwa nyepesi, gundi inaikunja pembeni. Ikizidi uzito inapasuka kwenye mkunjo. Kabla sijakata chochote naishika mikononi, naipinda kidogo kwa urefu, halafu kwa upana. Kuna upande inakubali na upande inagoma, kwa sababu nyuzi zake zimelazwa upande mmoja tangu kiwandani. Mkunjo wa kadi ufuate upande unaokubali. Kwanza naweka rula, napitisha kalamu ya biki iliyokwisha wino ili ibaki alama ya mfereji, ndipo nakunja.

Karatasi za hapa Marekani zina inchi 8.5 kwa 11. Naikata katikati, kila nusu naikunja, na napata kadi ya inchi 4.25 kwa 5.5. Bahasha za kipimo hicho zipo kila duka. Kadi za mraba zinapendeza, lakini kama unatuma kwa posta achana nazo: mashine za posta za huku hazizipangi vizuri na utatozwa nyongeza.

Sasa jani lenyewe. Naishi Lowell, Massachusetts, na mtaa wetu una miti ya mepo, mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Kuanzia katikati ya Oktoba mtaa mzima unageuka rangi, na miaka yote niliyokaa hapa sijalizoea jambo hilo. Najua sababu yake sasa. Ule ukijani unavunjika siku zinapofupika, na manjano inayoonekana ilikuwemo ndani ya jani tangu mwanzo, imefunikwa tu. Wekundu ni kitu kingine: mti huutengeneza wakati huo huo wa baridi kuanza, sukari inapobaki ndani ya jani. Ndiyo maana kwenye kadi zangu jani la chini kabisa huwa la manjano, juu yake la machungwa lililokatwa dogo zaidi, na nyekundu naipaka mwisho kwa sponji kavu, kwenye ncha tu. Ukianza na nyekundu chini, jani linaonekana zito, halina uhai.

Kulikata, kunja karatasi katikati mara moja na uchore nusu ya jani, kikonyo kikiwa kwenye mkunjo. Nusu hiyo ina nusu ya ncha ya juu, ncha kubwa moja ya ubavuni, na ndogo moja chini. Ukifungua utakuta ncha tano. Kati ya ncha na ncha ingiza mkasi ndani kabisa, karibu nusu ya njia kuelekea kwenye mkunjo. Hapa ndipo wengi wanaogopa, na jani linatoka kama kiganja kilichovimba. Mkono wa mkasi utulie, karatasi ndiyo izunguke. Ukimaliza, chora mishipa kwa ile ile biki isiyo na wino, yote ianzie pale kikonyo kinapoungana na jani, kisha finya kidogo kwa vidole kufuata kila mshipa. Jani litainuka. Gundi ipake katikati tu, ncha ziachwe huru.

Nakuja kwenye Halloween, kwa kuwa najua kanisani kwetu wapo wasiopenda kuisikia. Nawaheshimu, na mimi mwenyewe sitengenezi mafuvu wala wachawi. Lakini sikukuu hii ina historia ndefu kuliko vinyago vya dukani. Tarehe 31 Oktoba ni mkesha wa Siku ya Watakatifu Wote, na desturi nyingi za usiku huo zilikuja na watu wa Ireland, ambao kwao walikuwa wakichonga tanipu na kuweka taa ndani. Walipofika huku wakakuta maboga, makubwa na laini kuchonga. Mifereji ya viwanda vya nguo hapa Lowell ilichimbwa na Waairishi, kwa hiyo ninapokata boga la karatasi nakata kitu cha watu wa mji huu.

Bundi ndiye aliyenipa kazi ya kufikiri. Huku wanampenda, yuko kwenye kadi, vikombe, hata soksi za watoto. Kwetu bundi akilia juu ya paa nyumba nzima hailali. Basi kadi za majirani wa hapa naweza kuweka bundi, lakini kadi yoyote inayokwenda Tanga haiwi na bundi, paka mweusi wala popo. Siwezi kumpelekea mama mdogo uchuro kwenye bahasha yenye stempu. Yeye anapata majani na maboga, na anazisimamisha kadi zote juu ya kabati la vyombo sebuleni, pamoja na kadi za Idi za majirani zake.

Mimi ni mhudumu kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na huko ndiko kadi hizi zilikopata maana. Mwezi wa Oktoba tunakaa na wazee kwenye chumba cha kulia tunatengeneza mapambo. Bibi mmoja ambaye siku nyingine hata jina langu linampotea aliponiona nakunjua karatasi ya krepu ya machungwa, ile nyembamba yenye makunyanzi inayovutika, akaichukua, akaibana kati ya vidole gumba viwili, akavuta ukingo kidogo kidogo mpaka ukawa mawimbi kama upindo wa gauni. Hakunitazama hata mara moja. Mikono ilikuwa inaijua kazi. Baadaye akaniambia nyumbani kwao walikuwa wakipamba hivyo kila mwaka.

Nikaenda kusoma. Kumbe Framingham, si mbali na hapa, palikuwa na kampuni ya Dennison iliyotengeneza karatasi za krepu, na kuanzia mwaka 1909 ilitoa vijitabu vya kufundisha watu kupamba nyumba kwa Halloween: mapazia, kofia, vitambaa vya meza, vyote vya karatasi. Na Worcester, mwendo wa saa moja kwa gari, ndiko Esther Howland alikoanza kutengeneza kadi za Valentine mwishoni mwa miaka ya 1840, baada ya kuona kadi moja iliyotoka Uingereza. Baba yake alikuwa na duka la vifaa vya kuandikia. Aliwakusanya wasichana nyumbani, mmoja anakata, mwingine anabandika, na ikawa biashara kubwa. Nimefurahi kupita maelezo kujua kwamba kazi hii ninayoifanya usiku ina wazee wake katika jimbo hili hili.

Kwa wazee wenye mikono inayotetemeka, boga la vipande ndilo linalofaa kuliko yote. Kata vipande vya manila ya machungwa, upana wa sentimita 2 na urefu wa 20, kumi na viwili vinatosha. Toboa kila ncha. Vipange vyote pamoja, vifunge juu na chini kwa vile vishikizo vya shaba vya miguu miwili, kisha vipinde viwe upinde na uvitawanye kuzunguka. Vinageuka boga la duara. Kukata namfanyia mzee, kutawanya ni kwake. Hakuna niliyemwona akafika hatua hiyo asitabasamu.

Kwa mnaotuma nyumbani: kadi iwe bapa, isizidi robo inchi unene, na yote na bahasha isifike wakia moja, yaani gramu 28, hapo stempu moja ya kimataifa inatosha. Majani halisi msiweke, yanavunjika njiani na kufika unga. Anwani iwe ya S.L.P. na namba ya simu ya mpokeaji iandikwe chini yake. Mimi za Tanga nazituma Septemba mwanzoni, miti ya mtaani ikiwa bado kijani kibichi. Za mwaka huu zimeshaondoka. Sasa nakata mnyororo wa majani wa dirisha la chumba cha kulia, na karatasi ya machungwa imeniishia, kwa hiyo kesho nikitoka kazini napitia dukani.