Siku chache kabla ya Ashes, nikiwa Perth

Wiki hii kazini hakuna stori nyingine. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Perth, na wengi wao walizaliwa Uingereza wakahamia huku ujanani. Ijumaa, Novemba 21, 2025, Australia na Uingereza wanaanza Ashes, mashindano yao ya kriketi: mechi 5 za Testi (kriketi ya muda mrefu), kila moja hadi siku 5, ya kwanza hapahapa Perth Stadium. Ndugu zangu Kenya huniuliza mchezo wa siku 5 una utamu gani. Utamu wake ni kwamba udhaifu wa timu haufichiki.

Tuanze na wenyeji. Jina la Australia ni kubwa kuliko kikosi kitakachoingia Ijumaa. Nahodha Pat Cummins anauguza mgongo, Josh Hazlewood ana jeraha la paja, na Steve Smith ndiye anayeshika unahodha. Tangu David Warner astaafu Januari 2024, hawajapata mpigaji wa kudumu wa kuanza naye zamu, pamoja na Usman Khawaja, ambaye mwenyewe anakaribia miaka 39. Uwanja huu nao si ngome tena: mwaka jana India iliwachapa hapa kwa tofauti ya mikimbio 295, yaani pointi.

Lakini mrushaji wao wa kasi, Mitchell Starc, yupo. Julai, kule Kingston, alichukua wiketi 6, yaani aliwatoa wapigaji 6, kwa mikimbio 9 tu, na West Indies wote wakatolewa kwa 27.

Uingereza haijashinda hata Testi moja katika ardhi hii tangu Januari 2011. Safari hii wamekuja na silaha tofauti: Jofra Archer, Mark Wood, Gus Atkinson, Brydon Carse, na nahodha Ben Stokes mwenyewe. Ni warushaji wa kasi watupu, na kuna sababu. Mzee mmoja ninayemhudumia ana mpira wa Kookaburra, chapa inayotumika huku, kwenye droo yake, mwekundu uliokwisha kufifia. Alinishika kidole akakipitisha juu ya mshono: umelala, karibu sawa na ngozi. Ule wa Dukes wanaotumia Uingereza mshono wake umeinuka, kwa hiyo huyumba hewani kwa muda mrefu, na mrushaji wa kasi ya wastani hupata riziki. Huku, ova (mirusho 6 kila moja) kadhaa zikipita, Kookaburra huacha kuyumba. Hapo unahitaji kasi, au uvumilivu.

Kasi Uingereza wanayo. Wasiwasi wangu ni miili. Archer alirudi kwenye Testi Julai baada ya zaidi ya miaka 4 ya majeraha. Wood hajacheza Testi tangu Agosti 2024. Stokes aliikosa mechi ya mwisho dhidi ya India kwa sababu ya bega. Kwa mechi 2 naamini watatisha. Kwa 5, kwenye jua hili hadi Januari, siamini.

Uvumilivu uko kwa Scott Boland, mrushaji wa Australia, anayedondosha mpira palepale bila kuchoka. Sisi Wakenya tunaujua ufundi huo. Kombe la Dunia 2003, mjini Durban, Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, aliwarushia Australia hawahawa ova 8 na mipira 2 ya spini (mpira wa polepole unaozungushwa), akatoa mikimbio 7 na kuchukua wiketi 3, Ricky Ponting akiwemo. Tulifungwa, lakini mpaka leo nikiitaja mechi hiyo hapa, wazee wanaikumbuka.

Uingereza watajaribu kumvuruga Boland kwa kumpiga kila upande kama walivyofanya kwao 2023. Mpigaji wao Harry Brook, aliyefunga mikimbio 317 kule Multan, Pakistan, ana uwezo huo. Ila pichi, yaani njia ya kurushia mpira, za huku hudundisha mpira juu zaidi, na pigo la pupa huishia mikononi mwa wadakaji nyuma. Ninayemtegemea zaidi upande wao ni mpigaji Joe Root. Ana karne (mikimbio 100 au zaidi katika zamu moja) 39 za Testi na hana hata moja nchini Australia. Akiipata mapema, mfululizo huu utageuka.

Nasema Australia, 3 kwa 1. Mlio Nairobi na Dar, tuko mbele yenu kwa saa 5, kwa hiyo amkeni alfajiri. Starc ana mazoea ya kuchukua wiketi kwenye ova ya kwanza kabisa; ukichelewa kuwasha simu utakuta Zak Crawley au Ben Duckett, wapigaji wa kwanza wa Uingereza, keshatoka.